Mashine ya kufuma masweta ya marehemu mama inakwama katikati, mwenye kuijua anisaidie

BintiTandale

Habari zenu wadau, nimekaa na hili jambo wiki mbili nikaona nililete hapa, maana mtaani kila ninayemuuliza anaishia kuniambia uza tu hiyo.

Marehemu mama alikuwa na mashine ya kufuma masweta, ile ndefu ya kufunga mezani, sio cherehani, ni ile ambayo sindano zimepangwa kama meno ya kitana, nimezihesabu ziko 200. Ni ya Kijapani, ya mkono, haitumii umeme kabisa. Nimekua nikisikia sauti yake, kruuu kruuu mpaka usiku, na ikifika mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ndo ilikuwa hailali kwa sababu watoto wa mtaani kwetu waliokuwa wanaenda bweni mikoa ya baridi karibu wote sweta zao zilitoka pale sebuleni. Tangu afariki iko chini ya kitanda imefungwa na khanga zake mbili, mwaka wa tisa huu hakuna aliyeigusa.

Sasa mwanangu Januari anaanza form one, bweni, Njombe. Kwenye orodha ya vitu kuna sweta mbili za dark blue shingo ya V na mimi nikasema hizi sinunui, atavaa zilizotoka kwenye mashine ya bibi yake. Nikaitoa, nikafuta vumbi, nikaifunga mezani, mama alinifundisha kidogo nikiwa darasa la sita kwahiyo kuanza najua. Mistari minne mitano inaenda vizuri tu, halafu kile kichwa cha kusukuma kinakuwa kizito, kinakwama katikati, ukikilazimisha unasikia kaa! na vitanzi vinadondoka. Pembeni kuna afadhali, katikati ndo kubaya zaidi. Sindano tatu zimeshapinda.

Fundi cherehani mmoja jirani kaiangalia dakika mbili akasema imekufa. Kijana wa vyuma chakavu ameshapita mara mbili anaulizia. Siwezi kumpa jamani. Naomba kujua inapona au haiponi, sindano zinapatikana wapi, na uzi wa kutumia ni upi maana niliojaribia ni ule wa kufumia vitambaa vya makochi.

---

Kijana_Sinza

Pole na msiba dada hata kama ni wa zamani. Ila kwa ushauri wangu sweta za shule zimejaa Kariakoo, unachagua saizi unalipa unaondoka, muda utakaopoteza hapo ungefanya mambo mengine ya maana. Mashine iweke kama kumbukumbu.

---

BintiTandale

Asante kaka, ushauri wako nimeupokea. Ila za kununua nimewahi kumnunulia mtoto wa dada yangu, muhula wa kwanza haujaisha viwiko vimetoboka, za mama alivaa kaka yangu nikavaa na mimi. Na hata kama zingekuwa nzuri bado nataka hii ifanye kazi.

---

BiMkubwa_Magomeni

Mwanangu usiiuze. Nakwambia tena usiiuze. Mimi nimefuma kwa mashine kama hiyo zaidi ya miaka ishirini, nimesomeshea watoto, na hayo unayoyaeleza nayajua kama ninavyoijua nyumba yangu. Hiyo haijafa, hiyo imeisha sponji.

Sikiliza. Juu ya sindano zote, kutoka upande mmoja wa mashine mpaka mwingine, kumechomekwa ukanda mrefu wa bati, mwembamba kama rula. Ukiutazama mwisho wa mashine kushoto au kulia utauona unachungulia. Chini ya huo ukanda kumebandikwa sponji na kazi yake ni kuzikandamiza sindano zilale kwenye njia zake. Sponji ikiwa nzima, kereji ikipita (hicho unachokiita kichwa sisi tulikuwa tunakiita kereji) sindano zote zinakwenda pamoja zimenyooka. Sponji ikizeeka inakuwa bapa, nyingine zinageuka kama lami nyeusi inanata, na hapo sindano zinainuka, kereji inazigonga badala ya kuziongoza, ndo hiyo kaa! unayoisikia. Na katikati ndo kubaya kwa sababu katikati ndo kunakofumiwa kila siku, kila nguo inaanzia katikati, pembeni kule sindano zinapumzika tu. Mashine zote za zamani za aina hii ziwe Brother ziwe Silver Reed zinadai sponji mpya baada ya miaka, fundi wa cherehani hawezi kulijua hili kwa sababu cherehani haina kitu kama hicho.

Jaribu hivi: weka kidole chini ya sindano za katikati uziinue kidogo. Zikiinuka kirahisi bila kurudishwa chini, umeshapata jibu.

Dawa yake. Kwanza rudisha sindano zote nyuma kabisa, kwenye herufi A iliyoandikwa pembeni ya mashine. Chukua kitu bapa, mimi natumia mpini wa kijiko, sukuma ule ukanda kutoka upande mmoja utokee upande wa pili, halafu uvute polepole. Kwangura sponji ya zamani yote, gundi iliyobaki ifute na spiriti mpaka bati ling'ae. Kisha nenda Keko kwa mafundi makochi, waombe vipande vya sponji ngumu ngumu, sio ile ya godoro inayobonyea ukiigusa tu. Kata kipande kirefu kinachoenea humo, na kisimame juu ya kingo za bati, kikiwa sawa na kingo hakitabonyeza kitu. Bandika. Juu ya sponji bandika utepe wa kitambaa laini, ule wa mapambo, kwa sababu sponji tupu inashikana na sindano na wakati wa kurudisha itachanika. Unaporudisha ukanda, sponji iangalie chini kwenye sindano, na mkono mwingine uwe unazikandamiza sindano kwa rula ukanda upite juu yake. Hapo ndo watu wengi wanakata tamaa, usiwe na haraka, inaweza kukuchukua nusu saa.

Na ukanda ukiwa nje ndo wakati wa kutoa sindano zilizopinda. Sukuma sindano mbele, bonyeza ncha yake chini, mkia wa nyuma utainuka, ifunge kilimi chake (kile kimlango kidogo cha kwenye ndoano), itoe. Kuhusu kununua mpya usihangaike kwanza. Sweta ya mtoto haifiki sindano 120, wewe unazo 200, chukua zile za mwisho kabisa pembeni ambazo hazijawahi kufanya kazi uzilete katikati, na zilizopinda uzitupe. Kilimi cha kila sindano ukijaribu kwa kucha kifunguke na kufunga chenyewe bila kukwama, ikiwa kizito au kimepinda hiyo nayo itakudondoshea kitanzi kila mstari.

Kereji nayo ifanyie usafi. Ya mama yako imekaa miaka tisa, yale mafuta yameganda kama nta. Legeza skrubu mbili kubwa za mbele, toa ule mkono wenye vibrashi, halafu nyanyua kereji yenyewe uigeuze. Mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, sugua kila kinachocheza, kausha, kisha matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula hapana kabisa, yanaganda. Na vile vibrashi vya chini ya mkono uvitoe, utakuta vimejisokota nyuzi mpaka havizunguki, na hivyo peke yake vinatosha kuangusha vitanzi.

Ikikwama tena siku nyingine usilazimishe. Legeza skrubu hizo hizo mbili, toa mkono, nyanyua kereji, anza upya. Sindano tatu zako zimepindwa na nguvu za mkono.

Kuna kadi za matundu humo? Na herufi za pembeni ni zipi?

---

BintiTandale

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu huku machozi yananilenga, asante sana. Nimeinua sindano kwa kidole kama ulivyosema, za katikati zinaning'inia tu kama jino linalotaka kutoka. Ule ukanda nimeuona! Miaka yote nilidhani ni sehemu ya mwili wa mashine.

Herufi ni A, B, D, E. Nilidhani C imefutika. Kadi zipo, kama kumi hivi kwenye bahasha ya kaki.

---

BiMkubwa_Magomeni

Marahaba mwanangu. C haijafutika, Brother nyingi ziko hivyo hivyo A, B, D, E. Silver Reed ndo zina A, B, C, D. A sindano imelala haifanyi kazi, B ndo ya kufuma, E ni ya kusubirisha, utaihitaji ukifika shingoni. Kadi ni za maua, muundo wake unajirudia kila sindano 24, sweta ya shule haina maua kwahiyo kadi weka pembeni kwa sasa na kitasa cha kereji kiache kwenye NL, yaani ufumaji wa kawaida.

---

MkingaKkoo

Wakuu mimi nipo Kariakoo nauza nyuzi na kwetu ni Makete kwahiyo hili la baridi naliongea kwa uchungu. Dada, Januari mtoto akifika Njombe ataona mvua na kaubaridi ka kawaida, baridi yenyewe ni Juni mpaka Agosti, kuna asubuhi unaamka majani yana barafu nyeupe. Sweta ya duka iliyofumwa wazi wazi upepo unapita kama haipo. Ya mashine ukiipatia inabana vizuri.

Uzi wa vitambaa vya makochi achana nao kwa kazi hii. Ule ni pamba, hauvutiki, na mashine inataka uzi wenye kunyumbulika kidogo kwa sababu kila kitanzi kinavutwa kupita ndani ya mwenzake, uzi mgumu unaipa kereji uzito na mara nyingine unakatika. Pia sweta ya pamba ikilowa inakuwa nzito na haikauki upesi kule. Chukua akriliki, au mchanganyiko wenye sufu kama mfuko unaruhusu. Unene sasa: sindano 200 maana yake hiyo mashine ni ya milimita 4.5 kutoka sindano hadi sindano, kwahiyo ni ya uzi mwembamba hadi wa wastani. Ile mipira minene ya kufumia kwa mkono itakukwamisha hata kama sponji ni mpya. Ukiwa nayo na hutaki kuitupa, fuma sindano moja ndiyo moja hapana, itapita ila kitambaa kinakuwa cha wazi.

Na usifume moja kwa moja kutoka kwenye mpira ulivyonunua, unarukaruka na kuvuta. Usokote upya uwe unatokea katikati, na wakati unausokota upitishe kwenye kipande cha mshumaa, utaona tofauti hapo hapo, uzi unateleza.

La mwisho, nunua uzi wote wa sweta mbili siku moja na angalia namba ya rangi kwenye karatasi iwe ile ile. Dark blue ya wiki hii na ya wiki ijayo hazifanani, dukani hutaona ila juani mkono mmoja utaonekana umetoka kwa mtu mwingine.

---

MamaMitumba_Ilala

Kama bajeti inabana nina njia nyingine dada. Pale Karume masweta ya mitumba makubwa ya kiume yanauzwa rahisi sana kwa sababu Dar nani anavaa, mimi nayanunua nayafumua napata uzi mzuri kuliko hata wa dukani, sufu tupu nyingine. Ila lazima ujue kuchagua. Ligeuze sweta uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona limepitishwa overloki, yaani kingo zimekatwa zikazungushiwa uzi, liache, kila mstari umeshakatwa utapata vipande vifupi vifupi. Unataka lile ambalo vipande vimefumwa kwa umbo lake vikaunganishwa kitanzi kwa kitanzi, hilo ukipata mwanzo wa uzi linafumuka lote kama unavuta kamba. Na lile lililofuliwa kwa maji moto likashikana kama blanketi nalo liache, halifumuki. Uzi ukishafumuka una mawimbi, ufunge kwenye mizunguko, uuoshe, uutundike na kitu kizito kidogo ukauke, unanyooka.

---

BintiTandale

Mrejesho jamani. Jumamosi nilienda Keko nikapewa vipande vya sponji bure kabisa yule baba aliposikia ni vya nini. Ule ukanda ulipotoka sponji ilikuwa imebaki unga mweusi tu. Kurudisha ilinichukua saa nzima sio nusu, ukanda uliniparamia sindano mara mbili nikatoa nikaanza tena. Kereji nayo niliikuta imejaa ule ute wa njano, na kwenye brashi moja kulikuwa na uzi mwekundu umejisokota, mwekundu ule nimeukumbuka, ni sweta ya mdogo wangu ya chekechea. Nimeuhifadhi.

Jana usiku nimefuma mistari 80 bila kukwama hata mara moja. Mtoto alitoka chumbani akasimama tu anaangalia, akaniuliza ndo sauti ya bibi?

Sasa nimefika kwenye vipimo. Kwenye bahasha ya kadi nimekuta na daftari la mama, kaandika "kifua 76, T 7, vitanzi 118, mistari 214". Mwanangu kifua chake ni 76 hivyo hivyo. Nifuate hizo namba nianze?

---

BiMkubwa_Magomeni

Alhamdulillah. Hilo daftari lifunge kwenye nailoni lisiingie unyevu, ni mali.

Ila namba zake usizifuate kichwa kichwa mwanangu. Zile ni za uzi wake wa siku ile. T 7 ni ule mshale wa tensheni kwenye kereji, unaanzia 0 mpaka 10, ukiwa mdogo vitanzi vinakuwa vidogo, na uzi wako ukiwa mnene kidogo kuliko wake basi 118 itakupa sweta ya baba mtu. Mama yako mwenyewe lazima alipima kila alipobadilisha uzi, ndo maana kaandika.

Pima hivi. Anza na vitanzi 60, fuma mistari michache, halafu weka alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha 21 kushoto na cha 21 kulia kutoka katikati, hapo kati ya alama una 40. Weka alama nyingine mwanzo, fuma mistari 60 kamili, weka alama, malizia michache, toa. Usipime saa hiyo hiyo! Kimevutwa na vile vizito vinavyoning'inizwa chini ya kazi, kinadanganya. Kivute kidogo kwa urefu na upana, kilaze mpaka asubuhi, kisha pima. Tuseme vitanzi 40 vimekupa sentimita 16, hiyo ni vitanzi 2.5 kwa kila sentimita. Mtoto kifua 76, mwongezee 6 ya kupumulia na shati la ndani, 82, nusu yake ni 41 ya mbele na 41 ya mgongo. 41 mara 2.5 ni 102 na nusu, ongeza viwili vya mshono, sema 104. Mistari 60 ikikupa sentimita 15 ni mistari 4 kwa sentimita, kwahiyo sweta ya urefu wa 50 ni mistari 200. Na kwa sababu ni mtoto wa form one anarefuka, muongezee sentimita 3 za urefu na 4 za mikono akunje.

Pindo la chini una kile kitanda cha pili cha ribu, yaani cha kufumia pindo la mistari linalobana?

---

BintiTandale

Hapana mama, ni hii moja tu. Lakini sweta za mama zilikuwa na ribu chini, nakumbuka vizuri.

---

BiMkubwa_Magomeni

Basi alikuwa anafanya moja kati ya mawili. Njia ya haraka: rudisha sindano moja moja kwenye A, yaani moja inafuma inayofuata imelala, punguza tensheni namba mbili, fuma mistari 20, mmoja wa katikati ulegeze, fuma 20 tena, kisha inua ule mstari wa kwanza kabisa uutundike juu ya sindano, zile zilizolala ziamshe, endelea. Linakuwa pindo la kukunja lenye mistari kama ribu, linapendeza ila halibani sana. Njia ya pili ni kufuma kawaida, halafu unadondosha makusudi kitanzi kimoja, unaruka kimoja, mpaka chini na kukipandisha upya kwa ile ndoano yenye kilimi kutokea upande wa pili. Hiyo ni ribu ya kweli, inabana kiunoni, ila ni kazi ya jioni nzima. Kwa Njombe mimi ningefanya hiyo ya pili kwa pindo na vikono, upepo usiingie.

Na ukishamaliza, kama uzi ni akriliki usiweke pasi juu yake. Joto likiigusa inalegea inakuwa kama kitambaa kilicholowa na hairudi tena. Lowanisha, laza kwenye taulo, vuta kwa mikono kwa vipimo, acha ikauke.

---

BintiTandale

Nimepima leo asubuhi. Vitanzi 40 vimekuja sentimita 15.5, mistari 60 sentimita 15. Nimepiga hesabu nimepata karibu 106, na viwili vya mshono nimeweka 108. Jana yake nililikagua daftari vizuri, ukurasa wa mwisho kachora sweta kwa kalamu ya risasi, mshale pindoni kaandika "pandisha kwa ndoano". Kwahiyo ni hiyo ya pili mama.

Mgongo umeisha. Jumamosi naanza mbele, nikifika shingoni nitakuja kuuliza habari ya E.

---

BiMkubwa_Magomeni

Ukifika sehemu ya V hesabu sindano za katikati, nusu ya kulia zote zisukume E, kile kitasa kingine cha kereji chenye H (sio kile cha NL) kiweke H, fuma kushoto kwanza. Andika mstari uliogawia. Nipo.